Hata Kwangu Ipo

Nyumba ya Tatu pale Kwedizinga haina haja ya kuelekezwa. Tafuta nyumba ya bati ambayo mchana kutwa madirisha yake yamezibwa kwa mablanketi, na jua likizama yanafunguliwa yote. Wenzake hufungua asubuhi na kufunga jioni, yeye kinyume. Wapita njia walikuwa na maneno yao. Mmoja alisema mle ndani wanafuga jini. Mwingine, ambaye hata jembe lake hajui alilitupa wapi, alisema Sabiri, mume wa Tatu, anachapa noti bandia. Ingekuwa kweli, basi paa lao lisingevuja vile. Lakini midomo ya watu haina kufuli, na Tatu aliacha kuwajibu zamani.

Aliyekuwa mle ndani ni Faraji, mtoto wake wa pili, mwenye miaka kumi. Alifichwa jua.

Faraji alizaliwa mweusi kama mama yake, mzima, mwenye kilio cha kuamsha kitongoji. Alipoanza kutambaa nje ndipo mambo yakaharibika. Akikaa uani kidogo tu, uso unavimba kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Yakafuata madoadoa meusi, ngozi ikakauka, macho yakawa hayataki mwanga. Mbwana, kaka mkubwa wa Tatu, alisema ni tambiko limesahaulika, akatoa beberu wake mwenyewe likafanywa. Beberu akaliwa, madoa yakabaki. Kufikia umri ambao wenzake wanavaa sare za shule, Faraji alikuwa amekwisha kukatwa uvimbe puani na mwingine kwenye kope. Hospitali wakasema ni saratani ya ngozi, inaletwa na jua, na kwamba mtoto huyu jua lisimwone tena.

Jua lisimwone! Kamwambie hivyo mkulima wa Handeni, ambaye jua ndilo linalomwamsha, linalomlimisha na linalomuunguzia mahindi. Tatu alirudi nyumbani, akatoa mablanketi aliyopewa siku ya harusi yake, akayapigilia misumari upande wa juu wa madirisha, ya kushusha asubuhi na kufunua jioni. Tangu siku hiyo Faraji akawa mtu wa jioni. Giza likiingia hutoka, hulisha mbuzi, huchota maji, hucheza na paka. Mchana husikiliza redio na kusikiliza watu.

Na mtoto huyo alikuwa na masikio. Alimjua kila mgeni kwa mwendo wake kabla hajapiga hodi. Watu wakikaa barazani, dirisha la chumba chake lilikuwa nyuma ya migongo yao, na blanketi halizuii sauti. Alijua nani ameachika, nani ana mimba, nani kaiba kuku wa nani. Kwa hiyo wenye nyumba walijizoesha kwamba neno zito linasemewa shambani kwenye mihogo, halisemwi nyumbani.

Sasa, Faraji alikuwa na dada yake, Yusra, binti wa miaka ishirini, mzima kabisa, mwenye kicheko na mkono mwepesi wa kusuka mikeka. Waliwahi kuja wachumba wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Waliona madirisha, wakauliza, wakajibiwa kweli, wakaaga vizuri na wasirudi. Yusra hakulia mbele ya mtu. Aliacha tu kuimba akiwa anasuka.

Hapo ndipo Mbwana alipojitokeza. Kwa Wazigua mjomba si mtu wa kuja kula pilau na kuondoka. Mpwa ni wake, na neno lake juu ya ndoa ya mpwa lina uzito kuliko la baba. Mbwana alikuja na kofia yake ya kufuma, akakaa barazani, akasema kwa sauti ambayo hata mbuzi walisikia, "Wa nje wakiogopa, wa ndani tupo. Yusra namchukua mimi, kwa mwanangu Zaidi."

Zaidi alikuwa fundi pikipiki pale Segera, kijana mpole, oili haimtoki mikononi. Yeye na Yusra walikuwa wanapendana tangu zamani, ila hakuna aliyethubutu kusema. Wazee walicheka, wakasema binamu nyama ya hamu. Tatu mwenyewe aliolewa na mtoto wa shangazi yake, maana mama yake Sabiri na baba yake Tatu ni tumbo moja, na hajawahi kujuta hata siku moja. Siku hiyo alilia kwa shukrani. Kaka yake alikuwa amemwondolea binti yake aibu, na hakutaka hata kushukuriwa.

Lingekuwa limeisha. Lakini wiki hiyohiyo Tatu alimpeleka Faraji kliniki ya macho Korogwe, na daktari, akiwa ameinama anaandika, akauliza kama mtu anayeuliza saa, "Wewe na mumeo mna undugu?"

Tatu akajibu ndiyo. Daktari akaacha kuandika.

Swali hilo Tatu alirudi nalo nyumbani. Kwa nini aulize? Na kama undugu wake na Sabiri una neno, je, undugu wa Yusra na Zaidi? Alipoambiwa kuna wataalamu wamekuja na kipimo kipya kinachochunguza ugonjwa wa Faraji, kama kinga ya jua ipo mwilini au haipo, akasema watupime wote, na hasa wampime Yusra. Alitaka jibu moja tu: binti yake akizaa na mtoto wa mjomba wake, watoto watakuwa salama?

Wakakatwa ngozi kidogo mkononi, baba, mama, Yusra na Faraji, kipande kama punje ya mtama. Pale kijijini wakasema wametiwa dawa ya panya.

Siku ya majibu Tatu alikwenda Korogwe peke yake. Sabiri alisema, "Nenda wewe, utaniambia." Ndiyo tabia yake, mwanaume huyu, kwenye jembe simba, kwenye maneno mazito anatafuta kamba ya kufunga mbuzi.

Aliyempokea maabara ni Grasiana, dada mwembamba mwenye miwani, mjukuu wa watu waliokuja zamani kukata mkonge wakabaki. Alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti. Juu ya meza kulikuwa na darubini na kichupa kidogo ndani ya kiboksi cha barafu.

"Hiki ndicho kipimo chenyewe, mama Yusra. Ni kingamwili."

"Inatoka wapi?"

"Chanzo chake ni panya wa maabara. Walichukua seli moja ya panya, wakaizalisha, ukoo wote ukatoka kwa seli hiyo moja. Kwa hiyo zote zinatengeneza kingamwili moja, zinatafuta kitu kimoja tu."

Kumbe wale wa kijijini hawakukosea sana kuhusu panya. Tatu alitaka kucheka, akashindwa. Ukoo wa seli moja, akawaza, wanaoana wenyewe kwa wenyewe. Kama sisi.

Grasiana akamweleza. Jua likimpiga mtu, linaharibu kidogo DNA iliyo ndani ya kila seli ya ngozi, yale maelekezo ya kuujenga mwili. Mwili una mafundi wa kutengeneza palipoharibika, na fundi mmojawapo ni protini fulani yenye jina refu. Kingamwili ile ya kwenye kichupa inamjua fundi huyo peke yake. Ukiimwaga juu ya ngozi iliyokatwa nyembamba, ikimkuta inamshika, halafu ukitia rangi panakuwa na alama ya kahawia. Isipomkuta, hakuna kahawia.

"Tazama mwenyewe. Hii ni ngozi yako."

Tatu akainamia darubini. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe tu. Halafu vikajitokeza vidoa vya kahawia, vingi, vimepangana kama ufuta uliomwagwa kwenye mkeka. Akastaajabu kwamba yeye, na miguu yake iliyopasuka, ndani yuko hivi.

"Ipo," akasema Grasiana. "Na ya baba yake ipo. Sasa hii ya Faraji."

Palikuwa na rangi ya bluu iliyopauka, basi. Tatu alisogeza jicho huku na huku, akatafuta hata kidoa kimoja, kama mama anavyotafuta chawa kichwani mwa mtoto. Hapakuwa na kitu. Akajisikia hasira imempanda mpaka masikioni. Kumbe mwanawe aliungua miaka yote hiyo kwa sababu fundi hakuwepo kazini, na yeye alikuwa anampaka mafuta ya nazi!

"Na hii dawa, mkimtia, fundi atakuja?"

"Si dawa, mama." Grasiana alisema taratibu, naye alionekana kuumia. "Inaonyesha tu. Haiwezi kumleta."

Tatu akakitazama kile kichupa mara ya mwisho. Kisha akauliza lile lililomleta. "Na Yusra?"

Grasiana akabadilisha kioo. Kahawia tele, ufuta mtupu. Tatu akasema alhamdulillahi kwa sauti, akainuka nusu, yuko tayari kwenda kituo cha mabasi.

"Mama, kaa kwanza."

Akakaa.

"Kila mtu ana maelekezo mawili ya kumtengeneza fundi huyu, moja la baba na moja la mama. Likiharibika moja, lile jingine linatosha, fundi anakuwepo, mtu anaishi bila tatizo. Ugonjwa unakuja pale yanapoharibika yote mawili. Hii kingamwili inamwona fundi. Haiwezi kuona kama nyuma yake kuna maelekezo mawili mazima au moja."

"Sema nielewe, mwanangu."

"Kwako ipo, mama Yusra. Kwa mzee Sabiri ipo. Na bado mmemzaa Faraji." Grasiana aliivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Kuwepo kwake kwa Yusra kunasema kwamba yeye haumwi. Hakusemi kwamba hajabeba lile lililoharibika. Na huyo Zaidi ni damu ya kaka yako. Huenda amebeba, huenda hajabeba. Kipimo cha kuyasoma maelekezo yenyewe hapa hatuna. Tumeomba sampuli zipelekwe nje. Nikikuahidi lini, nitakuwa nakudanganya."

Tatu alitoka pale akavuka barabara bila kuangalia, mwenye bodaboda akamtukana. Alirudi nyumbani na jibu, ila si lile alilolifuata.

Mbwana alikuwa anamngoja barazani, amekaa mguu juu ya mguu, mwenye furaha.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Haya, lete habari. Kwa Yusra hicho kitu kipo au hakipo?"

"Ipo, kaka, lakini..."

"Ipo!" Mbwana aliruka, akapiga makofi. "Sabiri, umesikia? Ipo! Si nilisema? Yusra, mwanangu, njoo umsikie mama yako!" Na Yusra akatoka jikoni mikono ina unga, akamkumbatia mama yake, akacheka kile kicheko ambacho nyumba ilikuwa imekikosa. Nyuma ya blanketi Faraji naye akapiga kelele, "Dada anaolewa!"

Ile "lakini" ya Tatu ikapotea katikati ya makofi. Umwambie nani, wakati ule? Wewe ungesema? Kusema kweli, wengi wetu tungefurahi nao tukasema kesho.

Kesho ikawa kesho kutwa. Alimwambia Sabiri, kule kwenye mihogo. Sabiri alisikiliza mpaka mwisho, akang'oa majani ambayo hata hayakuwa magugu, akasema, "Umwambie wewe. Mimi ni shemeji yake, na ni mtoto wa shangazi yenu. Nikisema mimi, itakuwa namkataa mtoto wake." Tatu akamwona hana maana, halafu akamhurumia, maana na yeye mwenyewe hakuwa amesema.

Alimfuata Mbwana shambani kwake mara kadhaa. Alimkuta anapalilia, akachukua jembe akamsaidia, wakazungumzia mvua. Mara moja alifika mpaka kwenye neno lenyewe. "Kaka, kule Korogwe waliniambia jambo jingine," akasema, na Mbwana, bila kuinua kichwa, akamwambia kwamba siku alipoona yule mchumba wa pili anaondoka, alikwenda nyumbani akashindwa kula. "Nilisema haiwezekani. Mtoto wa dada yangu azeekee nyumbani kama mwiko mbovu, na mimi nipo?" Baada ya hapo Tatu atasema nini? Alimshukuru. Akarudi na jembe begani, anajichukia.

Wala hakumwambia Yusra. Yusra alikuwa ameanza kuimba tena.

Ikafika siku ya mshenga, Mzee Mhina, kuja kupanga tarehe. Tatu aliomba kikao kifanyike kwa Mbwana. Mzee Mhina akakataa, posa inafuatwa kwa msichana. Akaomba basi waje jioni, watakaa uani. Akakataa tena, mambo ya ndoa hayasemwi gizani, giza ni la wezi na wachawi. Wakaja asubuhi, jua limechangamka, wakatandikiwa mkeka mpya barazani, migongo yao imeegemea ukuta wa dirisha la Faraji.

Wanawake walikuwa ndani. Tatu alimimina chai, sikio lake liko barazani. Alisikia Mzee Mhina anasema tarehe. Alisikia Mbwana anasema, "Sisi tumeridhika, mimi ndiye mtoaji na mimi ndiye mpokeaji, nitagombana na nani?" Wakacheka wote. Alijua kwamba wakisema amina, imekwisha. Akatoka na sinia, akaliweka chini, na badala ya kurudi ndani akapiga magoti pale pale mbele ya wanaume.

"Kaka, nisamehe. Ndoa hii isubiri."

Kicheko kikakatika. Mbwana akamtazama kama mtu aliyetaniwa na mwendawazimu. "Isubiri nini?"

"Isubiri kipimo kingine."

"Kipimo kingine cha nini? Si ulisema kwa Yusra ipo?"

"Ipo. Hata kwangu ipo, kaka. Nimeiona kwa macho yangu. Hata kwa Sabiri ipo. Na tulizaa." Alikuwa anaongea chini, anatazama mkeka. "Sisi tumebeba kasoro bila kujua. Yusra huenda ameibeba. Wewe huenda, na Zaidi kupitia kwako. Wakikutana wawili waliobeba, ndipo inapotokea."

"Inatokea nini?" Mbwana aliuliza. Hakuwa anaigiza, alikuwa hajaelewa bado, na kutoelewa kulikuwa kunamtia hasira. "Sema wazi, Tatu. Umepiga magoti mbele ya watu, sema. Unaogopa nini?"

Tatu akainua macho. Akaliona lile blanketi la dirishani, la harusi yake, limepauka. Lilitikisika kidogo, na upepo haukuwepo.

"Twende shambani, kaka. Nitakueleza huko."

"Siendi popote! Kuna mshenga hapa. Unaogopa nini?"

"Naogopa azaliwe mwingine."

"Mwingine nani?"

Sabiri akasema, "Mbwana, basi," lakini alisema kwa sauti ya kwake ile, haikumfikia mtu.

"Mwingine nani, Tatu?"

"Mwingine kama Faraji," akasema Tatu.

Mzee Mhina aliweka kikombe chini, akaanza kuvuta tasbihi yake. Tatu akaona maneno yanamwingia Mbwana moja moja. Alipoinuka alikuwa mzee ghafla.

"Wa nje walipomkimbia binti yako, nilimpa mwanangu," akasema. "Leo unaniambia damu yangu ina sumu."

"Hata yangu, kaka."

"Ulijua tangu siku ile barazani?"

"Nilijua."

Mbwana alivaa kofia yake, akaondoka bila kuaga. Mzee Mhina akamfuata, na chai ikapoa. Mle ndani Yusra alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amesikia kila neno. Hakumlaumu mama yake. Alichukua ule mkeka aliokuwa anausuka kwa ajili ya nyumba yake, akaukunja, akatoka nao kwa mlango wa nyuma kuelekea kwenye mihogo. Sabiri akaenda kufunga mbuzi ambao walikuwa wamekwisha kufungwa.

Tatu akaingia chumbani kwa Faraji.

Humo ndani mchana ni giza, ila pembeni mwa blanketi huingia uzi wa mwanga, na mtoto alikuwa amejikunyata ukuta wa pili, mbali nao, kama alivyofundishwa. Redio ilikuwa imezimwa. Tatu alisimama mlangoni. Alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia Mbwana kwa majuma mengi, na hakuwa ameandaa hata moja la kumwambia huyu.

"Mama," Faraji akasema. "Mngejua mapema, mimi msingenizaa?"

"Ningekuzaa." Lilimtoka haraka, na lilikuwa kweli. Alilisikia ni kweli mpaka kwenye mifupa. "Wewe ningekuzaa tu, baba yangu."

Faraji alifikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri, hakuwa na kazi nyingine mchana kutwa.

"Sasa kwa nini Yusra asizae?"

Tatu alitafuta. Alikumbuka uvimbe wa puani, na mikono minne iliyomshika mtoto akipiga kelele. Alikumbuka ile rangi ya bluu iliyopauka isiyo na kidoa hata kimoja. Vyote hivyo vilikuwa majibu, na hakuna hata kimoja ambacho mama angeweza kumwambia mtoto usoni.

Faraji akasogea kwenye mkeka, akampisha mama yake akae.